Mamlaka ya mtu aliye chini ya mamlaka

Leo tuseme juu ya mamlaka. Katika maombi yetu tunakemea, tunafunga, tunafungua kwa jina la Yesu. Ni vema. Lakini mamlaka hiyo inatoka wapi, na tulipewa kwa kazi gani?

Mamlaka ya dunia tunaijua. Tippu Tip alitawala huku kwa bunduki na kwa biashara ya pembe na watumwa. Mwaka 1887 Mfalme Leopold II alimfanya liwali wa Stanley Falls. Mwaka 1893 askari wa mfalme huyohuyo, wakiongozwa na Dhanis, waliteka Kasongo. Mabwana walibadilika, mizigo ikabaki kichwani mwa babu zetu. Yesu aliwakataza wanafunzi wake kutawala hivyo. Kwake aliye mkubwa ni mtumishi (Luka 22:24-27).

Tumtazame akida wa Kapernaumu (Mathayo 8:5-13). Alimwomba Yesu aseme neno tu. Yeye mwenyewe alikuwa chini ya wakubwa, kwa hiyo alielewa kwamba amri inapata nguvu kwa yule aliyeituma. Wana saba wa Skewa walilitaja jina la Yesu bila kutumwa naye, wakakimbia uchi na majeraha (Matendo 19:13-16). Basi mwenye kukemea aanze yeye kutii.

Sasa tuingie nyumbani kwetu. Ugonjwa hauishi, shamba halizai, kazi imepotea. Mtu anasimama katika maombi na kusema Roho amemwonyesha mlozi, naye ni mtoto wa nyumba, mara nyingi yatima. Mtoto ananyimwa chakula, anapigwa, anafukuzwa. Watu wanasema mtumishi yule ana mamlaka kubwa.

Someni Luka 9:37-43. Baba mmoja alileta mwana wake aliyeteswa na pepo. Yesu alimkemea pepo, akamponya mtoto, kisha akamrudisha kwa baba yake. Mtoto hakulala njiani usiku ule. Ikiwa maombi yetu yanamtoa mtoto nyumbani na kumwacha sokoni, hatukufanya kazi ya Yesu, hata kama tulilitaja jina lake mara mia.

Sheria ya nchi yetu nayo inasema. Katiba ya 2006, kifungu cha 41, inakataza kumshitaki mtoto ulozi, na sheria ya 2009 ya kulinda watoto inatoa adhabu. Mchungaji asiseme hakujua.

Wapendwa, juma hili, kama katika nyumba yenu yupo mtoto au mama mzee aliyenyoshewa kidole, muiteni mezani ale pamoja nanyi. Mgonjwa apelekwe hospitali, na tumwombee tukimshika mkono. Kama mtoto alikwisha kufukuzwa, wazee wa kanisa wamfuate, wamrudishe kwa watu wake. Hapo Ufalme wa Mungu umefika katika nyumba hiyo.

Mungu awabariki. Amina.