Nchi za Kubuni na Bunilizi ya Kidhahania: Mada kwa Semina ya Walimu wa Fasihi

Nimeombwa nijibu swali moja: je, hadithi inayotokea katika nchi isiyokuwapo ihesabiwe kuwa bunilizi ya kidhahania?

1. Fasili

Fasili mnazijua, sitazirefusha. Bunilizi ya kidhahania hujenga ulimwengu wenye kanuni tofauti na zetu. Nchi ya kubuni ni mandhari yenye jina lisilo kwenye ramani. Mambo haya mawili hukutana mara nyingi, lakini si kitu kimoja.

2. Kipimo

Liondoe jina la nchi ya kubuni, weka Kenya au Tanzania. Hadithi ikisimama vilevile, jina lilikuwa stara ya mwandishi. Tomoko ya Ken Walibora katika Kidagaa Kimemwozea na Sagamoyo ya Pauline Kea katika Kigogo ziko katika kundi hili: ardhi iliyoporwa na soko lililofungwa tunavijua. Ni uhalisia, na hazipungukiwi na lolote kwa hilo. Ughaibu ya Adili na Nduguze (1952) haihamishiki, kwa kuwa humo majini hutoa hukumu na ndugu hugeuzwa manyani.

3. Tatizo lenyewe: Kusadikika

Shaaban Robert alichapisha Kusadikika mwaka 1951, Tanganyika ikiwa chini ya Uingereza. Kwa miaka mingi nimesoma majibu yaleyale ya wanafunzi: Kusadikika ni Tanganyika, Majivuno ni mkoloni, Karama ni mpigania haki. Majibu hayo hupata alama zote, hata kama mwanafunzi hakuufungua ukurasa wa kwanza. Kwa heshima zote kwa mamlaka zinazohusika, jambo hili nimelieleza katika vikao vya miongozo ya usahihishaji. Nikajibiwa kwamba limepokelewa, na mwongozo uliofuata ukatoka vilevile. Hatuwezi kuendelea hivi.

Tuufungue ukurasa huo. Nchi inaelea hewani. Pande nne imepakana na pepo: kaskazi, kusi, matlai na umande. Juu imepakana na mbingu, chini na Ardhi. Kisha wajumbe sita wanatumwa, kila mmoja upande wake, wakatafute mema ya kuigwa. Wakirudi, wanafungwa. Utetezi wa mshtakiwa Karama mahakamani umejengwa juu ya safari hizo: watawala wameletewa heri kutoka kila upande wakaikataa, na hakuna upande wa saba wa kusingizia.

Ukiiteremsha nchi hiyo hadi Tanganyika, zinabaki pande nne. Mjumbe wa mbinguni na wa ardhini hawana pa kwenda, na utetezi wa Karama unapoteza theluthi nzima. Mipaka ile ndiyo hoja yenyewe. Sikatai kwamba kuna fumbo la ukoloni. Nasema fumbo linauma kwa sababu nchi imejengwa ikakamilika, na mwanafunzi anayerukia ufumbuzi hajaisoma riwaya.

4. Mapendekezo

(a) Swali la mtihani kuhusu Kusadikika limtake mwanafunzi aeleze mipaka sita kabla ya kutaja ukoloni.
(b) Mwongozo wa usahihishaji utoe alama kwa uchambuzi wa kanuni za nchi ya kubuni.
(c) Jibu linalotaja tu “nchi fulani inawakilisha nchi fulani” lisipewe alama zote.
(d) Kipimo cha kubadilisha jina kifundishwe mapema sekondari.
(e) Tomoko na Sagamoyo zifundishwe kando ya Kusadikika na Ughaibu, ili tofauti ionekane.
(f) Nagona (1990) na Mzingile (1991) za Kezilahabi zisomwe katika mjadala huu.
(g) Walimu wapewe mafunzo kazini ya kusoma mandhari, pamoja na maudhui.
(h) Mwongozo wa usahihishaji, narudia, ubadilishwe. Bila hilo mengine hayatafika darasani.

5. Hitimisho

Jina la kubuni peke yake halitoshi. Kinachoamua ni kanuni za nchi hiyo, na kama hadithi inazitegemea. Naomba semina hii ipitishe mapendekezo (b) na (c) kama azimio la maandishi, lenye tarehe ya utekelezaji na jina la idara itakayowajibika.