Mtoto Mchanga Akikosa Choo: Tufanye Nini, Tusifanye Nini?

(Mazungumzo ya muuguzi mbele ya vikundi vya akina mama wa Matayos. Tumeyachapa karibu kama yalivyosemwa, ili vikundi ambavyo havikufika viyasome pamoja.)

Naona nyanya zetu, akina kukhu. Naona na akina baba watatu pale nyuma. Sogeeni karibu, jambo hili ni lenu pia.

Nimeombwa nizungumze juu ya mtoto mchanga anayekosa choo. Kuna watu watasema hilo ni jambo dogo. Lakini sote tunajua, mtoto akikaa siku tatu bila kuchafua nepi, nyumba nzima hailali. Jirani analeta majani yake, shangazi analeta mafuta yake, na ikifika jioni kuna mtu ameshika kipande cha sabuni. Hapo ndipo jambo dogo linageuka kuwa kubwa. Neno langu la leo ni hili: mara nyingi kinachomuumiza mtoto si kukosa choo. Ni ile dawa tunayompa sisi.

CHOO CHA KAWAIDA NI KIPI?

Mtoto anapozaliwa, choo chake cha kwanza ni cheusi na kinanata kama lami. Kinapaswa kutoka siku ya kwanza au ya pili. Maziwa ya kwanza ya mama, yale mazito ya manjano, ndiyo yanayosaidia kukisukuma. Kwa hivyo msiyakamue na kuyamwaga mkisema ni machafu. Masaa 48 yakipita na choo hicho hakijatoka, mpelekeni hospitali. Na mtoto aliyezaliwa nyumbani atazamwe siku hiyo hiyo kama njia ya haja iko wazi. Wako wachache wanaozaliwa ikiwa imeziba. Hiyo si laana, wala si kosa la mama. Ni kazi ya upasuaji, na madaktari wanaiweza.

Baada ya siku nne hivi choo huwa cha manjano na laini, na mtoto anayenyonya huenda choo mara kadhaa kwa siku. Katika mwezi huo wa kwanza, akikaa siku moja au mbili bila choo, na anakojoa kidogo, pengine hapati maziwa ya kutosha. Aende kliniki apimwe uzito, na mama aonyeshwe namna ya kumweka vizuri kwenye titi.

Mtoto akifika wiki sita hivi, mambo hubadilika. Yule anayenyonya titi peke yake anaweza kukaa siku tatu, siku tano, hata wiki, naye si mgonjwa. Mwili wake unatumia maziwa ya mama karibu yote, hakibaki kingi cha kutupa. Kama ananyonya vizuri, anakojoa mara sita au zaidi kwa siku, tumbo ni laini, anaongeza uzito, na choo kikija kinakuwa laini, basi mwacheni.

Je, yule anayejikaza, anagugumia, analia dakika kumi, halafu choo laini kinatoka? Huyo anajifunza tu. Bado hajajua kusukuma na kulegeza kwa wakati mmoja.

Kufunga choo kwenyewe ni pale choo kinapokuwa kigumu na kikavu, vipande vipande kama vya mbuzi, na mtoto analia kukitoa. Kwa hivyo msihesabu siku tu. Tazameni choo, halafu mtazameni mtoto mwenyewe.

CHOO KIGUMU KINATOKA WAPI?

Kwa mtoto anayenyonya titi peke yake, choo kigumu ni nadra sana. Nikikiona kwa mtoto wa miezi mitatu, swali langu la kwanza ni: amepewa nini? Mara nyingi jibu ni uji, au maziwa ya ng'ombe, au maziwa ya kopo yaliyokorogwa yakawa mazito.

Na hapa kwetu mpakani sababu tunaijua. Mama anatoka Matayos alfajiri, anavuka pale Busia kutafuta mali ya kuuza. Mwenzake yuko Malaba, anawauzia chakula madereva wa malori. Wote wanarudi jioni. Mtoto amebaki na kukhu. Jua likipanda mtoto analia. Kukhu atafanya nini? Anapika uji mwepesi wa wimbi na muhogo, au anachemsha maziwa ya ng'ombe. Mimi simlaumu. Ameachiwa mtoto, hakuachiwa maziwa.

Basi mama, kamua maziwa kabla ya kutoka. Nawa mikono kwa sabuni, kamua kwenye chombo kilichochemshwa, funika, weka penye kivuli na ubaridi. Kwa joto letu yatumike ndani ya masaa manne. Kukhu amnyweshe kwa kikombe safi, pole pole, si kwa chupa ya chuchu, maana ile ni ngumu kusafisha. Kama safari ni ndefu zaidi, kikundi kipange zamu: mama mmoja akae na watoto karibu na soko, na wenzake wafike kunyonyesha. Ukirudi nyumbani, nyonyesha usiku kucha anapotaka.

Mama anayeishi na virusi vya ukimwi naye asikatae titi kwa hofu. Akimeza dawa zake kila siku bila kukosa, anyonyeshe titi peke yake miezi sita kama kliniki inavyomwelekeza. Kuchanganya titi na uji au maziwa mengine katika miezi hiyo kunamwongezea mtoto hatari.

Anayelazimika kutumia maziwa ya kopo afuate maandishi ya kopo. Pima maji yaliyochemshwa kwanza, kisha weka unga kwa kijiko cha kopo hilo, kilichosawazishwa, bila kushindilia. Ukizidisha unga, choo kinakuwa kigumu. Ukipunguza unga ili kopo lidumu, mtoto anakonda.

MAMBO YA KUFANYA KWA MTOTO WA CHINI YA MIEZI SITA

1. Mnyonyeshe mara nyingi zaidi, mchana na usiku.
2. Mlaze chali, ushike miguu yake, uikunje na kuinyosha mmoja mmoja kama mtu anayekanyaga baiskeli. Sisi wa Busia hatuhitaji kufundishwa baiskeli; boda boda zilianzia hapa hapa.
3. Msugue tumbo pole pole kwa mkono wenye joto, kwa duara, kufuata mshale wa saa.
4. Mwogeshe kwa maji ya vuguvugu ili misuli ilegee.
5. Kama choo ni kigumu kweli, mpeleke kliniki, hasa akiwa chini ya miezi mitatu. Usimwanzie dawa nyumbani.

MAMBO YA KUACHA KABISA

Sabuni. Inachoma ngozi laini ya ndani, na inaweza kumchubua mtoto. Sabuni kazi yake ni mikono na nepi.

Kumpiga bomba la majani au la maji. Dawa ikiingia kwa njia ya haja inanywewa na mwili upesi, na hakuna ajuaye kipimo cha mtoto wa kilo nne. Mtoto anaweza kuishiwa maji au kulewa sumu ya majani.

Mafuta ya nyonyo na dawa za kuharisha za watu wazima. Mtoto mchanga akiharisha, anakauka haraka.

Asali. Isipewe mtoto kabla ya mwaka mmoja. Inaweza kubeba vijidudu vinavyoleta ugonjwa wa kulegeza misuli, na ugonjwa wenyewe mara nyingi huanza kwa kufunga choo! Mtu anaweza kudhani anatibu, kumbe anazidisha.

BAADA YA MIEZI SITA

Chakula kikianza, choo hubadilika. Mpe maji yaliyochemshwa na kupoa, kidogo kidogo kwa kikombe. Mpe papai lililoiva, embe, avokado, maji ya chungwa, maharagwe yaliyopondwa, na mrenda wetu. Uji mtupu wa muhogo asubuhi, mchana na jioni haufai. Maziwa ya ng'ombe mengi kupita kiasi pia hufunga choo na kumzuia kula. Endelea kumnyonyesha mpaka miaka miwili.

USINGOJE KESHO

Mpeleke hospitali mara moja ukiona haya:

- Anatapika, hasa matapishi ya kijani.
- Tumbo limevimba na kuwa gumu.
- Choo kina damu, au kamasi yenye damu.
- Anapiga kelele akikunja miguu, ananyamaza, kisha anaanza tena.
- Ana homa, anakataa titi, amelegea, au kilio kimekuwa dhaifu.

Hizo zinaweza kuwa dalili za utumbo ulioziba au ugonjwa mwingine mkubwa. Usianze kuzunguka kwa majirani. Mjulishe mhudumu wa afya wa kijiji kama yuko karibu, lakini safari isimngojee. Hospitali ya rufaa ya kaunti iko pale mjini Busia. Kikundi kiwe na akiba kidogo ya nauli kwa usiku kama huo.

MASWALI

Mama mmoja aliuliza: jua likiwa kali, je, maji kidogo tu? Jibu ni hapana, kabla ya miezi sita. Katika kila sehemu 100 za maziwa ya mama, karibu 88 ni maji. Mtoto akiwa na kiu, mpe titi. Wewe mama ndiye unywe maji.

Kukhu mmoja akasema: "Sisi tuliwalea nyinyi kwa sabuni, na mko hapa." Kukhu, ni kweli mlitulea, na tunawashukuru. Lakini nyinyi pia ndio mnaokumbuka watoto waliozikwa na hakuna aliyejua kilichowaua. Sisemi ni sabuni. Nasema siku hizi tunaweza kujua zaidi, na nyinyi ndio mnaosikilizwa nyumbani. Msichana aliyejifungua juzi hawezi kukataa sabuni ya mama mkwe wake. Lakini mama mkwe akisema "mwacheni mtoto anyonye," hakuna atakayembishia.

Baba mmoja akauliza kazi yake ni ipi. Kazi ni tatu: mpe mkeo nafasi na chakula ili anyonyeshe, mshike mtoto anapolia usiku, na usiwe wewe unayetuma watu dukani kutafuta dawa.

Nawaomba kila kikundi, katika mkutano ujao, kihesabu wenye watoto wa chini ya miezi sita na kipange nani atabaki na watoto siku za soko. Nikirudi nitauliza mmefika wapi.