Mpango wa Taifa juu ya UKIMWI, na Fungu Letu katika Mpango Huo

Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka, Nakuru



Kamati ilitutaka tuseme machache juu ya mipango ya Serikali ya kuukabili UKIMWI. Tuliitikia kwa moyo, kwa maana katika vitabu vya hesabu vya Chama hiki fungu la mazishi ndilo lililotupasha habari za ugonjwa huo, kabla ya waraka wowote wa Serikali kutufikia.

Mgonjwa wa kwanza alitambuliwa katika Kenya mwaka 1984. Bunge lilikubali Waraka wa Kikao Nambari 4, ulioweka sera ya nchi juu ya UKIMWI, mwaka 1997. Basi miaka 13 ilipita, watu wakizikwa, bila ya sera iliyoandikwa. Mwezi wa Novemba 1999 Rais Moi aliutangaza ugonjwa huu kuwa janga la taifa, na Baraza la Kitaifa la Kudhibiti UKIMWI likaundwa. Mwaka 2022 lilibadilishwa jina na kuongezewa magonjwa mengine. Mpango wa kwanza wa miaka mitano ulianza mwaka 2000, na mingine ikafuata.

Ikaja Sheria ya mwaka 2006. Wazee wetu twawaomba walishike neno moja ndani yake: hapana ruhusa kumlazimisha mtu kupimwa ili apewe kazi, wala ili aoe au aolewe. Mzazi kumshauri kijana kabla ya posa ni jambo jema. Kumshurutisha, sheria yakataza.

Mipango hii yatuhusu sana sisi wa Bonde la Ufa. Barabara kuu itokayo Mombasa kwenda Uganda yapita mjini petu, na madereva wa malori hulala Salgaa. Mashamba ya maua ya Naivasha huleta vijana kutoka kila upande wa nchi, mbali na macho ya wazazi wao. Tena mwanzo wa mwaka 2008, wakimbizi wa ghasia za uchaguzi walipojaa katika uwanja wa maonyesho wa Nakuru, walikuwamo waliotoka mbio bila dawa wala kadi za hospitali. Dawa hizi humezwa kila siku. Mtu akizikatiza, virusi huongezeka tena mwilini.

Na hapo ndipo penye shaka yetu. Tangu mwaka 2006 dawa zatolewa bila malipo katika hospitali za Serikali, lakini sehemu kubwa ya fedha imetoka nje, hasa katika mfuko wa Marekani uitwao PEPFAR, ulioanzishwa mwaka 2003. Tarehe 20 Januari 2025 Rais wa Marekani alitia sahihi amri ya kusimamisha misaada ya nje. Ruhusa ya kuendelea kutoa dawa ilifuata baada ya siku chache, bali watumishi wengi waliolipwa kwa fedha hizo walikuwa wamekwisha ambiwa waende nyumbani. Sisi makarani twajua: mwandishi wa kadi asipokuwapo, dawa huweza kuwa kabatini na mgonjwa akarudi mikono mitupu.

Shukrani kwa wafadhili ni wajibu. Walakini uhai wa watu wetu usingefaa kutegemea sahihi ya mtu asiyetujua. Tangu mwaka 2013 hospitali nyingi za umma zimo mikononi mwa serikali za kaunti, na sheria ya fedha za umma ya mwaka 2012 yataka wananchi wasikizwe. Waraka wa mipango ya fedha hupelekwa katika Bunge la Kaunti kabla ya mwisho wa Februari, na makadirio kabla ya mwisho wa Aprili. Katika mikutano hiyo watu wetu huuliza habari za barabara na maji, nasi hatuwalaumu. Lakini fungu la UKIMWI mara nyingi hupita kimya, kwa kuwa anayeuliza huogopa kudhaniwa ni mgonjwa.

Mzee mwenye mvi hadhaniwi upesi. Kwa hiyo Kamati yaomba kila tawi litoe wazee wawili, mwanamume na mwanamke, wahudhurie mikutano hiyo na kuuliza maswali mawili: ni kiasi gani cha fedha za kaunti yenyewe kimetengwa kwa huduma za UKIMWI, na ni watumishi wangapi wa huduma hizo walio katika orodha ya mishahara ya kaunti. Majina yapelekwe kwa Katibu kabla ya mwisho wa Januari. Nauli italipwa na Chama.