Daftari Lisilopasa Kubandikwa Ubaoni



Sisi wakaguzi tumezoea kuwahimiza juu ya uwazi. Kilo za kila mkulima, bei ya mnada, makato na malipo, yote yasomwe mkutanoni na kubandikwa ubaoni. Agizo hilo silitangui. Leo nataka kusema juu ya daftari la namna nyingine.

Mfuko wa Afya ya Jamii ulipoboreshwa, waandikishaji walipita vijijini na simu, wakapiga picha za watu wa kaya na kuziingiza taarifa zao kwenye kompyuta. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya nao ulileta Ushirika Afya kwa wakulima wa vyama vya msingi. Kisha ikaja Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023. Ni mambo ya kushukuru, maana anayeugua mwezi Julai, fedha za korosho zikiwa bado mbali, ndiye anayeangukia mikononi mwa kangomba.

Lakini karatasi hizo hupitia kwa katibu: majina ya wategemezi, pengine na cheti cha daktari cha mwanachama anayeomba mkopo. Na katibu ni jirani, ni shemeji, ni mpinzani katika uchaguzi wa Bodi. Neno likitoka ghalani Ruangwa asubuhi, jioni limefika Nachingwea. Mama anayetumia dawa za kufubaza virusi akisikia anasemwa, huenda asirudi tena kliniki. Na hapo ni uhai unaopotea, si heshima tu.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei, 2023, inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Msingi wake ni ridhaa ya maandishi ya mwenyewe. Siri ya mwenye VVU ilikwisha kulindwa tangu sheria ya mwaka 2008.

Kwa hiyo nikija kukagua, nitauliza ufunguo wa kabati uko kwa nani. Picha za vyeti zisitumwe katika makundi ya WhatsApp ya chama, hata kwa kuchangisha (nia huwa njema, najua), mpaka mgonjwa akubali. Katika ombi la mkopo yatosha kuandika “matibabu”. Jina la ugonjwa haliihusu Bodi. Na mwanachama akitaka kujua chama kimeandika nini juu yake, aonyeshwe ukurasa wake, wa jirani ukiwa umefunikwa.