Mgeni na Jembe



Katika Injili ya Dominika hii Bwana anawatuma wanafunzi sabini na wawili wamtangulie. Hawaruhusu kuchukua mkoba wala mfuko. Anawaagiza wakae katika nyumba itakayowapokea, wale na kunywa watakachopewa. Zamani tulidhani agizo hilo lahusu chakula tu. Tulipokwenda kuishi ugenini ndipo tulipotambua kwamba mgeni huandaliwa mengi, na si yote huliwa kwa kinywa.

Sisi ni masista wawili, wazaliwa wa Machakos nchini Kenya. Tulitumwa Tanzania, tukae Kinole, upande wa mashariki wa milima ya Uluguru. Tulipanda kutoka Morogoro kupitia Mkuyuni wakati wa masika, ndani ya lori lililokuwa likifuata ndizi. Asubuhi ya kwanza, ukungu ulipoondoka, tuliona mteremko mkali uliojaa migomba, mikarafuu, mifenesi na midalasini. Pilipili manga ilitambaa juu ya miti, na mananasi yalisimama chini yake. Hapakuwa na mstari wala tuta. Nasi tunatoka katika nchi kavu, ambako mtoto hujua kuchimba makingamaji kabla hajajua kuandika. Tukaambiana kwa Kikamba: watu hawa wamepewa mvua, ila hawana bidii. Hiyo ndiyo ilikuwa hukumu yetu, na chai ya kukaribishwa tulikuwa hatujaimaliza.

Siku hiyo hiyo tulikwenda dukani. "Nipe chumvi," tulisema, kama tulivyozoea kwetu, ambako neno hilo halimkosei mtu. Mwenye duka alitupa chumvi bila kusema lolote. Bibi mmoja aliyeketi barazani akatuita kwa upole: "Masista wangu, hapa tunasalimu kwanza, kisha tunaomba." Tuliona haya. Tukamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akatuuliza habari za safari na za wazee wetu tuliowaacha. Kiswahili tulidhani tunakijua. Adabu yake tulikuwa hatujafundishwa.

Kosa la dukani lilikuwa dogo. Kubwa lilikuja mwezi wa tatu. Baada ya sala ya jumuiya tulisimama tukazungumza habari za matuta. Tulisema udongo ukiteremka mtoni ni hasara ya watoto wetu, na kwamba maji ya mto Ruvu, utokao katika milima hii, hunywewa hadi Dar es Salaam. Hayo yalikuwa kweli. Kisha tukaongeza neno ambalo hakuna aliyetutuma kulisema: uvivu.

Mama mmoja alinyanyuka, akatoka. Dominika mbili hatukumwona, tukamwendea nyumbani. Alitukaribisha, akatukatia nanasi, tukala. Kisha akatueleza. Mwaka 1950 serikali ya kikoloni ilianzisha mpango wa kuhifadhi ardhi ya Uluguru, watu wakaamriwa kuchimba matuta ya ngazi. Lakini udongo mzuri wa miteremko hii ni tabaka jembamba. Ngazi zilipochimbwa, udongo usiozaa ulikuja juu, mazao yakadhoofu. Aliyekataa aliadhibiwa. Julai 1955 watu walikusanyika Matombo, katika milima hii hii, kuupinga mpango huo. Risasi zilifyatuliwa, mtu mmoja akafa. Baadaye mpango ukaachwa.

"Baba yangu alikuwapo," alisema mama yule. "Masista, matuta tunayajua. Ninyi mlitufundisha kabla ya kutuuliza."

Tulirudi kimya. Njiani tulikumbuka jambo ambalo hatukupaswa kulisahau: hata Machakos, bibi zetu waliichukia kazi ya matuta walipolazimishwa na wakoloni, na waliipenda walipoifanya wenyewe katika vikundi vya mwethya. Tukalitazama upya shamba tuliloliita fujo. Majani ya miti huvunja nguvu ya mvua, na mizizi huushika udongo. Hatusemi kwamba matuta ni mabaya. Wapo wakulima wa Uluguru ambao miaka ya baadaye waliyachimba kwa hiari, baada ya kushauriana. Ubaya ulikuwa katika ulimi wetu.

Dominika iliyofuata tuliomba radhi mbele ya jumuiya nzima. Siku chache baadaye mama yule alifika kwetu na jembe begani. Alitupa kipande cha ardhi tulime. Kwetu ardhi hufuata baba, kwa hiyo tukamwendea mumewe kumshukuru. Alicheka, akasema, "Masista, hapa mimi mwenyewe nalima kwa ruhusa." Kwa Waluguru ardhi ya ukoo hufuata upande wa mama, mkewe alikuwa amekwisha kuzungumza na mjomba wake.

Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wengi hulitumia neno hilo kumwonyesha mgeni njia ya kwenda kwao. Sisi, siku ile, tulilisikia kwa namna nyingine. Kupewa jembe ni kuambiwa: umekuwa wetu, shika kazi pamoja nasi. Ila kwanza tulipaswa kuutua mkoba tuliokuja nao, mkoba wa kujua kila kitu.

Ndugu msikilizaji, huenda nawe u mgeni mahali: umehamishwa kikazi, umeolewa mbali, au vita vimekuvusha mpaka. Unayoyaona siku ya kwanza yafanye kuwa maswali, usiyafanye kuwa hukumu. Nawe mwenyeji, mgeni akikosea, usimnyime nanasi, mkalishe, umweleze. Sisi tungaliondoka Kinole na hukumu yetu, kama mama yule asingalitufungulia mlango.

Tuombe. Ee Bwana, uliyezaliwa safarini ukakimbizwa hadi Misri, utupe masikio kabla ya ulimi, na mioyo ipokeayo kabla ya mikono itoayo. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.