Nyoka Kipofu wa Udongoni

Ndugu zangu wa Pinga, mkilima shamba au mkichimba madini, mwaona nyoka mdogo mwembamba kama mnyoo. Wengine husema ana vichwa viwili. Sivyo, mkia wake ni butu kama kichwa. Macho ni vidoa tu chini ya magamba, na magamba ya tumboni ni madogo sawa na ya mgongoni. Hula mayai ya sisimizi na mchwa, hana sumu. Jamaa yake wa kisiwa cha Pemba alipewa jina mwaka 2007: Letheobia pembana.

Lakini yuko mwingine mweusi, naye akaa udongoni: Atractaspis. Magamba yake ya tumboni ni mapana. Huyo ana sumu, na hudunga kwa ubavu bila kufungua kinywa, hata ukimshika shingoni. Basi msimguse yeyote kwa mkono. Mwondoeni kwa jembe, na aliyekufa mgeuzeni kwa kijiti, mtazame tumbo.