Mtoto na ubao wa theluji: jibu letu kwa Mama mwenzetu
Maneno tuliyosema mbele ya mkutano mkuu



Mu mkutano uliopita Mama mmoja mwenzetu alisimama akauliza swali, na komite ikatuomba sisi watatu wenye tulirudi kutoka Uswisi tulijibu. Mtoto wake wa miaka 16 anaishi Valais kwa mjomba wake. Majira haya ya baridi ameacha mpira, jirani amempa ubao wa zamani wa mashindano, na kila siku ya kupumzika anapanda nao mlimani. Mama ameona video ku simu: mtu anakimbia kama gari huku amelala kabisa juu ya theluji. Akauliza, tumkataze ama tumuache? Na akasema wazi kwamba mtoto akivunjika, hatalipa yeye peke yake, kasha la chama litaguswa pia, juu ndiyo kazi yake. Ni kweli. Basi swali ni la sisi wote.

Sisi tulifanya kazi ku majiko ya hoteli za mlimani, miaka kadhaa. Mfanyakazi wa kule siku yake ya mapumziko ana mlima mbele ya mlango, na wenzake wa kazi wanamwita. Ndivyo tulijifunza, na ubao tuliojifunzia ulikuwa wa namna ile ile ya mtoto huyu.

Kwanza tuseme ni kitu gani. Theluji wengi wenu munaijua kwa picha, au kwa Ruwenzori yetu wenyewe, maana juu ya Margherita, mita 5,109, barafu iko. Lakini kule Alps theluji ni barabara. Usiku mashini kubwa zinapita zinailainisha, asubuhi inakuwa sawa na ngumu kama sakafu. Njia hizo wanaita pisti, na zina rangi: ya buluu ni rahisi, nyekundu ni ya katikati, nyeusi ni ya wenye kujua. Ufaransa wana na ya kijani, rahisi kuliko zote.

Mbao za theluji ni za aina nyingi. Ule wenye munaona vijana wanaruka nao hewani ni mpana, unapinda kirahisi, na viatu vyake ni laini. Wa mtoto huyu ni mwingine, unaitwa wa alpini. Ni mwembamba, katikati yake ni sentimita 20 hivi, ni mgumu, na viatu vyake ni vya plastiki ngumu, vinakamatwa na vyuma mbele na nyuma. Miguu haisimami kwa kukingama ubao. Yote miwili inaelekea mbele. Kazi ya ubao huu ni moja tu, kukata kona kwa makali. Ku Olimpiki ulikuwepo tangu mwaka wa kwanza wa mbao za theluji, Nagano 1998, na Waswisi wameshinda sana: Philipp Schoch 2002 na tena 2006, Patrizia Kummer, binti wa Valais yenyewe, 2014, Nevin Galmarini 2018. Tunataja hao juu Mama aliuliza kama ni mchezo wa wahuni.

Sasa, kukata kona kwa makali. Kando ya ubao, kushoto na kuume, kuna ukanda wa chuma wenye makali. Na kando yenyewe haikunyooka: ubao ni mpana mbele, mpana nyuma, na una kiuno katikati kama kibuyu. Ukiulaza kwa upande, unagusa chini mbele na nyuma, kiunoni panabaki nafasi. Ukiukandamiza, unapinda, mpaka makali yote yanagusa theluji kwa mstari wa mviringo. Basi ubao unafuata mviringo ule wenyewe. Hakuna kuuzungusha kwa nguvu ya miguu. Ukiulaza zaidi, kona inakuwa fupi zaidi. Ukimaliza, unageuka kuangalia nyuma: kama ulikata, alama ni mstari mwembamba kama wa kalamu, kama uliteleza tu, alama ni pana, utasema ufagio ulipita pale. Siku nzima mwanafunzi anasoma alama zake mwenyewe.

Namna ya kujifunza tutaieleza polepole, maana hapo ndipo jibu liko. Mtu haanzi na kona. Anaanza na kusimama. Anafunga mguu wa mbele peke yake, anateleza kidogo pahali palipo sawa, kisha anafunga yote miwili na kujifunza kushuka kwa upande akiparuza theluji hadi asimame. Hiyo si kukata, ni breki, na asiye nayo asipande mashini ya kupandisha watu. Akiwa na breki, anaenda pisti ya buluu, pana, asubuhi. Anakingama mlima, yaani anavuka kutoka upande mmoja kwenda wa pili, si kushuka. Analaza ubao kidogo kwa upande wa mlima, anakunja magoti, anaangalia pale anataka kufika. Halafu anangojea. Kungojea huku ndiko kunashinda watu! Unasikia ubao unakamata, unaanza wenyewe kupinda kuelekea juu, mwendo unapungua, unasimama. Unageuka, unaangalia alama. Unarudia upande wa vidole, unarudia upande wa kisigino, mara ishirini, mara hamsini. Kila mara unaanza ukielekea chini kidogo zaidi kuliko mara iliyopita. Hakuna hatari kubwa ndani yake, juu kila kona inaishia kupanda, na kupanda kunasimamisha mtu.

Taabu inakuja siku ya kuunganisha kona mbili. Kufika kona ya pili lazima ubao ulale sawa kwanza, kisha uamke ku makali mengine. Pale katikati, kwa muda wa kupumua mara moja, pua ya ubao inatafuta bonde, na mwili uko upande wa bonde vilevile. Kila mtu anaogopa. Na woga unafanya mwili kitu kimoja kwa watu wote: unarudi nyuma, unataka kushikamana na mlima. Uzito unaenda ku mguu wa nyuma, makali ya mbele yanaacha theluji, ubao unapotea chini yako, umeanguka. Mwenye anajilinda kwa kuegemea mlima ndiye anaanguka. Mwenye anapeleka kifua na goti la mbele kule kuna bonde, yule ubao unamshika.

Vijana wa chukudu hawahitaji kuelezewa sana. Munawaona wakishuka kutoka Kibumba kwenda Goma na magunia. Ku kona kijana analaza mwili wake pamoja na chukudu ndani ya kona, haketi nyuma akishangaa. Tofauti ni kwamba chukudu ina magurudumu na lami, na ubao hauna kitu isipokuwa huo ukanda wa chuma, milimita chache tu. Mzigo wote wa mtu unakaa pale.

Na ile video ya kulala juu ya theluji? Tunaijua asili yake. Zinal, kijiji cha Valais, watu wawili, Jacques Rilliet na Patrice Fivat, walijulikana kwa kukata kona wakilaza mwili mzima mpaka tumbo na mgongo vinagusa chini. Ni nzuri kuangalia, hatukatai. Lakini kulala kule ni matunda: mwendo upo, makali yamekamata, ubao umelala sana, ndipo mwili unafika chini. Mtoto anayeanza anafanya kinyume. Ananyoosha mkono kutafuta theluji, bega linaanguka, uzito unatoka ku makali, ubao unateleza, na mkono ule ule ndio unapokea mwili wote. Kifundo cha mkono ndicho kinavunjika zaidi kwa wanaoanza ubao wa theluji. Mwambie, Mama: mikono mbele, mabega yasilale kuliko mlima, akunje magoti na nyonga, na akiona anaanguka afunge ngumi asitandaze viganja. Vifaa vya kulinda kifundo viko, na kaske ni lazima.

Tulimpigia mtoto simu. Ana adabu, anajua kazi, alianza na kukingama mlima kama tulivyosema. Tukamuomba atusomee namba zilizoandikwa juu ya ubao. Urefu 183. Mviringo wa kiuno, mita 18. Hapo tulinyamaza kidogo.

Ubao ule ni wa mashindano ya kona kubwa. Haukatai kupinda, lakini kona yake ni ndefu, na kabla ya kuimaliza mtu amekwisha kupata mwendo mwingi. Ni mgumu, hivi mtu mwepesi wa miaka 16 hawezi kuukunja kama hana mwendo. Kwa hiyo mtoto anajifunza mbio kwanza, makali baadaye, na hiyo ndiyo inapeleka watu hospitali. Mwanafunzi wa uzito wake anataka ubao wa 155 mpaka 165, laini kidogo, mviringo wa mita 10 mpaka 12. Pisti ya buluu inatosha kwa ubao huo, na kona inaisha kabla ya woga kuanza. Jambo la pili, viatu vyake ni vya jirani, vikubwa. Ncha na kisigino vinapita ukingo wa ubao. Ukilaza ubao, kiatu kinagusa theluji mbele ya makali, kinayainua, na unaanguka bila kujua sababu. Kama hana viatu vya kipimo chake, azungushe vifungio kuelekea mbele zaidi mpaka kiatu kisipite ukingo, na hata hivyo kiatu kikubwa kitamsumbua, juu mguu unacheza ndani.

Basi jibu letu: Mama, usimkataze. Mkataze ubao ule. Mjomba auweke ku kelari mpaka mtoto akue, ni ubao mzuri.

Bado kuna watu wengine mlimani. Shirikisho la kimataifa la ski lina kanuni 10 za pisti, na mtoto azijue kabla ya kupanda tena. Mwenye yuko nyuma na juu ndiye anapaswa kumwepuka aliye mbele. Lakini mwenye anakata kona kwa makali anachukua pisti nzima, upande hadi upande, na mara nyingine kona yake inarudi kuelekea juu. Kanuni inasema mwenye anaelekea juu aangalie juu na chini. Tena mwenye ubao ana upande mmoja haoni vizuri, ule wa mgongoni. Kabla ya kona ya kisigino, aangalie nyuma ya bega lake. Kila kona. Na saa sita ikipita, jua likilainisha theluji na watu wakijaa, arudi nyumbani. Theluji ya mchana ina vichuguu vinavyonasa makali, na hakuna chenye atajifunza pale.

Sasa fedha, juu ndiyo ilifanya swali lifike hapa. Uswisi kila mkaaji ana bima ya afya ya lazima, na ya mtoto inabeba na ajali. Lakini kwa kuokolewa mlimani bima hiyo inalipa nusu tu, na haipiti franka 5,000 kwa mwaka. Helikopta ikiitwa, sehemu inayobaki ni ya familia. Mtoto akianza mafunzo ya kazi kwa mwajiri, saa nane kwa juma au zaidi, bima ya ajali ya mwajiri inamfunika hata siku za kupumzika, na hali inakuwa nzuri zaidi. Mjomba aulize leo yuko ku bima gani. Namba ya wagonjwa ni 144, iwe ndani ya simu yake.

Wafadhili wetu wa Uswisi, munajua haya yote kuliko sisi, mutusamehe urefu. Mmoja wenu aliandika kwamba angependa kutuma huku sanduku la vifaa vya zamani vya theluji. Tunashukuru kwa moyo wote, ila hapa tutateleza nao wapi, ku udongo wa mvua? Kama kuna ubao wa alpini wa 155 mpaka 165 katika sanduku hilo, pamoja na viatu vigumu vya sentimita 27, tunaomba ubaki Valais. Mwandishi wa chama atawaunganisha na mjomba. Pisti zinafungwa mnamo mwezi wa nne, na Mama amesema mpaka apate habari ya ubao mwingine, mtoto haendi mlimani. Mtoto alikubali, lakini sauti yake tuliisikia.